Haiwezekani Ni ya Nani? Maneno Machache Juu ya Muhali

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi wa shule huko Magomeni, mbele ya vijana wanaojifunza uhariri na ukalimani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Nimeondoa kikohozi, na mzaha mmoja uliofaa ukumbini tu.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za mchana. Wanangu huko nyuma mnaogombea upepo wa feni, hamjambo. Mshereheshaji amenipa dakika ishirini, na ameniambia akinyanyua kikaratasi cha njano nijue zimekwisha. Nimekiona kikaratasi chenyewe, kinaonekana vizuri kutoka hapa, sina kisingizio.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze kuhusu maneno tunayotumia kwa mambo yasiyoelekea kutokea. Niliisoma barua ile ndani ya daladala, nimebanwa kati ya ndoo ya samaki na begi la mwanafunzi, nikaanza kutafuta neno. Kila lililonijia lilikuwa picha. Siku punda atakapoota pembe. Maji kupanda mlima. Ngamia kupenya tundu la sindano, na huyu Waislamu wanakutana naye katika Sura ya Al-Aaraf, Wakristo wanakutana naye kwenye Mathayo, kwa hiyo humu ukumbini hakuna asiye na ngamia wake. Nikakumbuka ndoto za Alinacha, yule muuza vyombo vya vioo aliyekaa na kapu lake akawaza faida juu ya faida mpaka akamwoa binti wa waziri, akampiga bibi harusi teke la kiburi, na teke likatua kwenye kapu.

Nikiwa hapo kwa Alinacha, bibi mmoja kiti cha mbele akamdai konda chenji yake. Konda alikuwa na noti amezikunja kwa urefu, amezibana katikati ya vidole kama karata, na sarafu anazichezesha kwenye kiganja, ch, ch, ch. Akamjibu bila kumtazama: "Haiwezekani mama, sina chenji, subiri mbele." Gari zima tukaziona noti. Bibi naye akaziona. Akanyamaza, akaangalia nje dirishani.

Barua nikaikunja. Neno nilikuwa nimelipata, na halikuwa "haiwezekani". Nilianza kujiuliza yule bibi ameacha kusema kwa sababu gani.

Lakini tuanze na hiyo haiwezekani, maana ndiyo inayotuharibia mambo. Angalieni lilivyojengwa. Kuna weza. Ukiongeza kiambishi unapata wezeka, ukiongeza tena unapata wezekana. Kila unavyolirefusha, mtu anazidi kutoka ndani yake. "Siwezi" ina mimi. "Haiwezekani" ina nani? Ile "i" ya mwanzoni haimsemi mtu yeyote, inasema jambo. Jambo lenyewe ndilo limekataa, na msemaji amesimama pembeni akilishangaa pamoja nawe. Ndiyo maana ofisini wanalipenda. Ukiambiwa "siwezi" utauliza kwa nini huwezi. Ukiambiwa "haiwezekani" unachukua bahasha yako unarudi nyumbani, kana kwamba umeambiwa jua limezama.

Ndani ya neno hilo moja tumefungasha vitu ambavyo havifanani hata kidogo. Kuna lisilokuwa kabisa. Kuna lililo nadra, linalokuja mara moja katika maisha ya watu watatu. Na kuna lile ambalo lingeweza kufanyika leo hiihii, ila kuna uso wa mtu mbele yake.

Hilo la nadra nilisemee kidogo, kwa sababu Dar es Salaam tulilipata somo lake mwaka 2024. Mwanzoni mwa Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Kimbunga Hidaya, mimi nilikuwa Kariakoo, na wauza nguo pale waliipokea habari kama utani. Kimbunga? Vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Wakubwa wenzangu waliongeza elimu juu yake: karibu na ikweta vimbunga haviwezekani. Elimu yenyewe nusu yake ni kweli. Kimbunga huzungushwa kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Sisi tuko karibu nyuzi 7 tu kusini yake. Kwa hiyo ni nadra. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini, na tarehe 15 Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Siku ileile, mwezi uleule, miaka 80 baadaye. Tarehe kugongana hivyo ni nasibu tu, msije mkatoka hapa mkaanza kuogopa Aprili. Nilichotaka mkione ni kwamba jambo lilikwisha kutokea mara mbili kwenye pwani yetu, na bado tukaliita haliwezekani. Hidaya ikafika Mafia tarehe 4 Mei. Sisi huku tukapata upepo na mvua, wenzetu wa Mafia, Kilwa na Lindi wakaumia.

Watu wa hali ya hewa wanajua kusema. Someni angalizo lao lolote: wanaandika "uwezekano wa kutokea", kisha wanakuambia ni mdogo, wa wastani au mkubwa. Hawasemi haiwezekani. Na lugha yetu imewapa vyombo, tena vingi. Kitenzi chetu kina ngazi yake ndani: ukija, ungekuja, ungalikuja. Ya kwanza mlango u wazi, ya pili umerudishiwa, ya tatu umefungwa na funguo imetupwa chooni. Najua hapa mjini -nge- na -ngali- tumezichanganya kama mchele wa duka la mangi, walimu wamelia mpaka wamenyamaza. Halafu tuna "si ajabu", ambayo naipenda sana. Si ajabu mvua ikanyesha. Si ajabu akaja. Sikieni ile -ka-, ambayo kazi yake ya kawaida ni kusimulia yaliyokwisha pita, akaenda, akasema, akalala. Ukitanguliza huenda au si ajabu, inageuka kusimulia lisilotokea bado, kana kwamba limeshaanza kutembea kuja. Na wahenga hawakusema nyani hatelezi. Walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Kwa wanangu wanaochana mikeka ya kubeti mpira Jumapili, hesabu moja halafu niwaache. Umechagua mechi 10, na kila moja unaijua vizuri, una nafasi 6 katika 10 ya kupatia. Ukizidisha zote pamoja, mkeka mzima unabaki na nafasi 6 hivi katika 1,000. Si haiwezekani. Lakini na kodi ya nyumba isisubiri hapo.

Haya. Sasa nije kwa neno langu, nalo ni muhali.

Nani humu amelitumia wiki hii? Mkono mmoja. Wewe mama, kwenu wapi? Pemba. Nilijua.

Muhali limetoka Kiarabu, na kule lilikuwa neno gumu la watu wa hoja. Waliokaa chuoni, yaani madrasa, watakumbuka mafunzo ya tauhidi, elimu ya kumpwekesha Mungu: kuna lililo wajibu, lisiloweza kukosekana, lililo jaizi, linaloweza kuwa au lisiwe, na lililo muhali. La muhali ni lile ambalo akili yenyewe hailikubali, kwa mfano kitu kimoja kuwa kinakwenda na kimetulia kwa wakati uleule. Hapo hakuna cha ngamia wala sindano, maana ngamia ukimfikiria mdogo sana atapita. Muhali haipiti kabisa.

Mzizi wake ni wa kugeuka na kubadilika, na ukoo wake mnao majumbani mwenu bila kujua kwamba ni ndugu. Hali, hiyo tunayojuliana kila asubuhi, ni ya ukoo huo. Hila nayo. Hawala, ile ya kutuma pesa. Hauli, dua ya kila mwaka ya kumkumbuka marehemu. Na ile "lahaula!" anayoitoa shangazi sufuria likianguka, imo. Muhali ni kitu kilichogeuzwa kikatoka kwenye njia ya kuwezekana.

Lilipofika pwani hii likakutana na watu wanaoishi nyumba moja vyumba sita, ukumbi mmoja, kisima kimoja. Sijui kama palikuwa na mwanazuoni yeyote aliyekaa akaamua, lakini neno likalainika. Likaanza kusema jambo lisilowezekana, likawa jambo lisilowezekana kwangu mimi, na mwisho likawa lisilowezekana kwangu kwa sababu yako wewe. "Naona muhali kumwambia." Nguvu ninayo, ulimi ninao, haki ninayo, ila uso wake.

Na halikuwa peke yake katika kulainika. Chukueni labda. Asili yake kwa Waarabu ni kusema hakuna budi, lazima, hakuna pa kukimbilia. Sisi tukaifanya huenda ikawa, huenda isiwe. Budi tukaiacha na ukali wake, sina budi, lakini dada yake labda tukamvua viatu tukamkalisha mkekani. Yamkini nayo kwao ni kitenzi kizima, inawezekana. Kwetu ni neno la kutangulizia dhana, nalo limebaki zaidi kwenye magazeti na vinywa vya wazee. Kwa hiyo msishangae mtu wa pwani akikuambia labda nitakuja na moyoni ameshajua. Hakukudanganya. Amekulainishia.

Mimi muhali nilijifunza kwa aibu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msahihishaji kijana katika gazeti moja hapa mjini. Habari za Unguja zilikuja kwa faksi, kwenye ile karatasi laini inayojikunja yenyewe na kufifia kabla hujaimaliza. Siku hiyo ilikuja habari ya ugomvi wa shamba. Mwandishi wetu wa kule, mtu mzima, aliandika: "Sheha aliona muhali kumpeleka mjomba wake polisi." Sheha kule ni kiongozi wa serikali wa mtaa. Nikalitazama lile neno muhali. Nililijua kwa kulisikia, nikaliona ni la kizamani, na nikaona wasomaji wa Dar litawakwaza. Nikalikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: "Ilishindikana kwa sheha kumpeleka mjomba wake polisi." Nikajiona mhariri.

Kesho yake simu ikalia, nikaitwa.

"Nani kanigeuzia habari yangu?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ilishindikana nini? Kituo kilifungwa?"

"Hapana, mzee, nilidhani..."

"Gari ilikwama? Mjomba alikimbia? Mana watu huku wananiuliza kakimbilia wapi, na yupo barazani anakunywa kahawa."

Nikanyamaza.

"Sheha kashindwa na uso wa mamake, mwanangu. Mjomba ni kaka wa mama. Hilo ndilo nililoliandika. Nenda kamuulize mamako muhali ni nini, kisha ndo ushike hiyo kalamu."

Nikaenda kweli. Mama yangu ni mtu wa Tanga, wakati huo tulikaa Temeke. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikamuuliza. Hakunipa maana, alinipa sufuria. Akasema: "Muhali ni pale mke wa kaka yako anapokuja kuazima sufuria kubwa mara ya tatu, na mbili za mwanzo hazijarudi, na wewe mwenyewe ndiye unayemfungulia kabati." Akapuliza makapi. "Tena unampa na mfuniko."

Nimezisoma kamusi zetu na ninaziheshimu, lakini sijaona iliyofika kwenye mfuniko.

Naomba muitazame ile sentensi yangu ya gazetini kama mtu anavyotazama jipu. "Aliona muhali" ina mtu: a-li-ona, yeye aliona, ndani yake, na angeweza kuulizwa. "Ilishindikana" haina mtu. Kwa kalamu moja nilimtoa sheha kwenye lawama na nikampeleka mjomba mafichoni. Habari ilikuwa juu ya udhaifu wa mtu mwenye dhamana mbele ya damu yake, mimi nikaifanya habari ya usafiri.

Wakalimani mnaokwenda mahakamani, hili linawahusu kuliko wahariri. Tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini mashahidi hawatakuja na Kiswahili kimoja. Atasimama mama aseme, "Niliona muhali kumsemea shemeji yangu." Mkilifasiri au mkilifupisha kuwa hakuweza kusema, hakimu atatafuta kilichomziba mdomo: alitishwa? alifungiwa? Mkisema hakutaka, mmemfanya mshirika. Hakuwa huku wala kule. Alikuwa katikati, na katikati pana jina.

Msije mkadhani nalisifu tu. Unguja na Pemba neno hili huitwa kwa jina kwenye mikutano ya kupinga udhalilishaji wa wanawake na watoto, na haliitwi kupongezwa. Linahesabiwa kati ya yanayoua kesi. Mtuhumiwa ni baba mdogo, shahidi ni mke wa kaka, jirani ameoa huko. Kila mmoja anaona muhali, faili linalala, mtoto anabaki na lake. Muhali unaoazimisha sufuria ndiyo huohuo. Huwezi kuupokea wa jikoni ukajifanya wa faili huujui. Lakini tazameni faida waliyo nayo wenzetu wa visiwani: wana neno la kuugombeza. Mtu anaweza kusimama kwenye mkutano akasema jamani, tuache kuoneana muhali, na kila aliyekaa akajua anasemwa yeye. Hapa mjini tungesema nini? "Changamoto za kijamii." Semeni changamoto za kijamii mbele ya watu mia, muone kama kuna mmoja atakayeinama.

Maana huku Dar jambo tunalo, neno ndilo limetutoka. Nani humu hajawahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa mtu aliyewahi kufanya naye kazi miezi minne? Kamati imeshaundwa, mweka hazina anapandisha orodha kila usiku, jina lako lipo, mbele yake nafasi wazi. Huna pesa, na hata ungekuwa nazo humjui bwana harusi. Kutoka kwenye kundi unaona, unaona nini? Kijana wangu mmoja nyumbani anasema "naona noma". Mwingine anasema "naona soo". Haya, hayo ni maneno yenu na yana uhai wake, lakini noma inakuangalia wewe, utaonekanaje. Aibu nayo ni yako, haya ni yako. Muhali unamwangalia mwenzio. Unaahidi elfu hamsini, siku zinakwenda, na siku ya mwisho unaandika: "Ndugu mwenyekiti, kutokana na hali halisi imeshindikana." Ndiyo hiyo sentensi yangu ya gazetini, imerudi.

Na simu zenyewe zinasaidia kulizika. Yangu nikiandika muhali inanibadilishia kuwa mahali. Juzi nilimwandikia rafiki, "Niliona muhali kukuamsha," ikaenda "Niliona mahali kukuamsha". Akanijibu: wapi?

Niwaambieni lililompata bibi wa daladala, maana nilimwacha anaangalia nje. Tulishuka kituo kimoja. Chenji hakupewa. Nilimsogelea nikamuuliza, mama, mbona umemwachia, pesa anazo mkononi tumeziona wote? Akavuta mtandio, akasema: "Baba, yule ni mtoto wa jirani yangu nyuma ya msikiti. Mamake tunazikana." Akaenda zake na kapu lake. Konda alisema haiwezekani, na iliwezekana. Bibi hakusema neno, na ndiye aliyekuwa na neno.

Nilikuwa nimeandaa pia habari ya kioja na shani, na kisa cha mtafsiri aliyeandika muujiza penye bahati nasibu... Naona mshereheshaji amenyanyua kikaratasi chake cha njano. Hapana, amekitazama, amenitazama mvi, amekirudisha mfukoni. Sasa anajifanya anatengeneza kipaza sauti. Mama wa Pemba, mwambie jirani yako hapo hicho alichokifanya kinaitwaje.

Naketi, mwanangu. Asante.